Adabu ya Nuru: Maisha na Kazi ya Poul Henningsen

Kitomanga ni kijiji cha mkoa wa Lindi, kaskazini ya mji wa Lindi, katika nchi ya minazi na mikorosho iliyo kati ya mji huo na Kilwa. Mtu aliyefikia umri wa miaka 80 katika vijiji vya upande huo amepata kuiona kwa macho yake historia nzima ya taa. Utotoni mwake aliona koroboi, kopo la bati lililotiwa mafuta na utambi wa pamba, ambalo moshi wake huacha masizi puani na darini. Akaona kandili yenye chemni, ambayo upepo wa kusi hauizimi upesi. Akaona karabai, ambayo wavuvi wa dagaa huichukua baharini usiku usio na mwezi ili kuwaita samaki. Na katika uzee wake aona globu ya umeme na taa iliwashwayo kwa nguvu za jua. Kila taa iliyokuja ilikuwa na nuru nyingi kuliko iliyotangulia, na kila mara watu walifurahi, wakasema kuwa giza limeshindwa.

Lakini je, wingi wa nuru ndio wema wa nuru? Aliyepata kuketi mbele ya karabai katika shughuli ya arusi ajua kuwa swali hilo si la mzaha. Karabai huangaza ua mzima, lakini aielekeaye uso kwa uso haoni kitu ila karabai yenyewe. Mwenzake aliye ng'ambo ya taa amekuwa kivuli tu. Hapo watu huinuka, wengine wakaitundika juu, wengine wakaisogeza nyuma ya nguzo, wengine wakaipa mgongo. Koroboi ilikuwa maskini wa nuru, lakini haikumtukana mtu machoni. Basi taa ina jambo jingine zaidi ya nguvu zake. Ina namna yake ya kukaa na watu, na namna hiyo yaweza kuwa njema au mbaya.

Mtu aliyelifanya jambo hili kuwa kazi ya maisha yake alikuwa Poul Henningsen wa Denmark, msanifu wa majengo, mwandishi na mtungaji wa nyimbo za michezo ya jukwaani, ambaye watu wa nchi yake walizoea kumwita kwa herufi mbili tu, PH. Kazi yake aliifanya katika Ulaya ya kaskazini, mbali sana na minazi ya Lindi. Walakini swali alilolishughulikia ni swali la kila nyumba ambayo taa ya mafuta imetoka na umeme umeingia, na kwa sababu hiyo habari zake zastahili kusimuliwa mahali popote ambapo badiliko hilo lingali mbichi katika kumbukumbu za watu.

Henningsen alizaliwa tarehe 9 Septemba, 1894, katika Ordrup, karibu na Copenhagen. Mama yake, Agnes Henningsen, alikuwa mwandishi wa riwaya, mwanamke aliyetaka kuishi kwa hiari yake na asiyeogopa maneno ya watu. Baba yake, Carl Ewald, naye alikuwa mwandishi, maarufu kwa hadithi zake za wanyama na mimea. Wazazi hao hawakuwa mume na mke, na mtoto akachukua jina la mume wa mama yake. Kwa hiyo tangu kuzaliwa kwake alikuwa nje ya mipaka ambayo watu wenye heshima wa zama zile waliiheshimu, na alipokuwa mtu mzima hakuonyesha hamu kubwa ya kurudi ndani yake.

Alikulia chini ya nuru ya taa za mafuta. Hilo ni jambo la kukumbukwa, maana ndiyo siri ya kazi yake yote. Katika nchi ya kaskazini kama Denmark, mchana wa mwezi wa Desemba hauzidi saa saba hivi, na masaa mengine yote ni ya giza. Familia huketi kuizunguka meza moja na taa moja kwa muda mrefu kuliko watu wa Lindi, ambao usiku wao ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima, ukizidi au ukipungua kidogo tu. Kwa hiyo mtoto yule alizijua nyuso za jamaa zake zaidi kwa nuru ya taa kuliko kwa nuru ya jua. Nuru yenyewe ilikuwa ya manjano, laini, yenye kuishia gizani polepole bila ya ukingo mkali.

Kisha umeme ukaja. Globu za mwanzo zilikuwa dhaifu, lakini mara zikatengenezwa nyingine zenye uzi wa madini uwezao kuwaka kwa weupe mkali. Watu wakazitundika uchi katikati ya dari, wakastaajabia maajabu ya zama mpya. Henningsen alitazama ajabu hiyo akaona hasara iliyofichika ndani yake. Nyuso zilizokuwa laini chini ya taa ya mafuta zilikuwa sasa zimepauka, vivuli vimekuwa vyeusi na vikali kama vilivyokatwa kwa kisu, na macho yalichoka. Tena sababu yake si ngumu kufahamika. Mboni ya jicho hujifinya mbele ya kitu king'aacho. Globu iliyo wazi inapoingia machoni, mboni hujifinya kwa ajili yake, na chumba kilichobaki huonekana cheusi kuliko kilivyo. Mwenye nyumba, kwa kuona giza hilo, hununua globu kubwa zaidi, na mboni hujifinya zaidi. Ndivyo mtu awezavyo kulipia nuru nyingi akapata kuona kidogo.

Henningsen alisoma ufundi na usanifu katika vyuo vya Frederiksberg na Copenhagen kuanzia mwaka 1911 hata 1917, lakini hakumaliza masomo yake kwa cheti cha msanifu. Huenda upungufu huo ulimfaa, kwa kuwa hakuona haya kuuliza maswali ambayo wenye vyeti waliyadhani yamekwisha kujibiwa. Alianza kufanya majaribio ya taa, akapima na kuchora mwendo wa nuru kwa mistari na hesabu. Wakati huo mafundi wengi wa taa walishughulika na mapambo: maua ya shaba, shanga za kioo, hariri na vishada. Yeye alianza na swali lililo rahisi kuliko yote. Nuru itokapo katika globu yaenda wapi, na yafaa iende wapi?

Mwaka 1925 palikuwa na maonyesho makubwa ya sanaa za mapambo katika mji wa Paris. Henningsen, pamoja na kampuni ya Louis Poulsen ya Copenhagen, alipeleka taa zake huko, zikapewa nishani ya dhahabu. Mwaka uliofuata jumba kubwa la Forum lilifunguliwa katika Copenhagen, nayo kampuni hiyo ikapewa kazi ya kulitia taa. Katika kazi hiyo ndipo ilipopatikana taa ya kofia tatu, ambayo ni mama wa taa nyingine zote za PH.

Umbo lake laelezeka kwa maneno machache. Kofia tatu zimepangwa moja chini ya nyingine. Ya juu ni pana, ya kati ni ndogo, na ya chini ni ndogo zaidi. Globu imekaa ndani yake. Mapindo ya kofia hizo yamefuata mstari uzungukao na kujipanua kama nyumba ya konokono, ambao wanahisabati huuita spairo ya logarithimu. Sifa ya mstari huo ni kwamba kila mwali utokao kwenye kitovu chake huupiga kwa pembe ile ile, mahali popote uupigapo. Henningsen aliiweka globu penye kitovu, na kwa hiyo nuru ikazipiga kofia zote kwa namna moja na kurudishwa kwa usawa. Sehemu kubwa ya nuru ilikwenda chini, mezani, penye kazi. Sehemu ilikwenda pembeni, ikafikia nyuso za watu. Sehemu ndogo iliangaza kofia zenyewe, ili taa isiwe doa jeusi lililoning'inia chumbani. Na aliyeketi au kusimama mahali pake pa kawaida hakuweza kuuona uzi uwakao. Nuru ilikuwapo, lakini chimbuko lake lilisitiriwa.

Watu wa pwani ya Waswahili hawatalishangaa wazo hilo. Katika magofu ya Husuni Kubwa, jumba lililojengwa Kilwa Kisiwani katika karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, vimo vishubaka vidogo ukutani vya kuwekea taa. Moto mdogo ukiwekwa ndani ya kishubaka kilichopakwa chokaa, hauwaki peke yake; weupe wa ukuta huupokea na kuutandaza, na mtu aliye pembeni hupata nuru bila ya kuuona moto. Waashi wa Kilwa hawakuwa na spairo ya logarithimu, lakini walijua kuwa taa yahitaji mahali pa kukaa.

Baada ya ushindi wa Paris na Forum, Henningsen angeweza kutulia na kutajirika. Badala yake, mwaka 1926 alianzisha gazeti liitwalo Kritisk Revy, ambalo aliliongoza hata 1928. Humo aliwashambulia wasanifu waliojenga majumba ya fahari huku watu wa kazi wakikaa katika vyumba vibovu. Aliwashambulia pia mafundi waliotengeneza vyombo vya kuwekwa kabatini kutazamwa, wakasahau vikombe na viti ambavyo mtu wa kawaida huvihitaji kila siku. Mwaka 1933 alitoa kitabu kilichouliza hali ya utamaduni wa nchi yake, na ndani yake akayapinga mafundisho ya Wanazi waliokuwa wametwaa madaraka Ujerumani mwaka ule ule. Alikuwa mtu wa ulimi mkali, na ulimi mkali humletea mwenyewe maadui. Mwaka 1935 alitengeneza filamu juu ya nchi ya Denmark kwa agizo la wizara ya mambo ya nchi za nje. Badala ya wafalme na makaburi ya kale, alionyesha viwanda, baiskeli, mashamba na watu kazini, kwa muziki wa jazi. Magazeti mengi yalimkejeli. Miaka ilipopita, filamu hiyo hiyo ilisifiwa kuwa moja ya kazi bora za sinema ya nchi hiyo.

Wengine hudhani kuwa Henningsen mwenye taa na Henningsen mwenye ugomvi walikuwa watu wawili. Kwa kweli alikuwa mtu mmoja mwenye chuki moja. Alichukia kitu king'aacho kwa ajili ya kung'aa. Globu iliyo uchi, jengo la fahari na hotuba ya mtawala mwenye kujitukuza vilikuwa kwake ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa vyote vyataka kutazamwa, na mwenye kuvitazama haoni tena kilicho kando yake.

Chuki hiyo ilijaribiwa vitani. Tarehe 9 Aprili, 1940, majeshi ya Ujerumani yaliivamia Denmark na kuitwaa. Katika mwaka huo mwimbaji Liva Weel aliimba jukwaani wimbo uliotungwa na Henningsen. Kwa dhahiri ulikuwa wimbo wa mapenzi na vifungo vya ndoa, lakini wasikilizaji waliufahamu kuwa wimbo wa uhuru wa nchi iliyofungwa. Washairi wa Kiswahili waliijua zamani njia hiyo ya mafumbo, ambayo kwayo neno moja huvaa nguo mbili, moja kwa mwenye nguvu na moja kwa mwenye kuelewa. Si ajabu kwamba mtu aliyejifunza kuisitiri taa ili nuru ipite alijua pia kuisitiri maana ili ukweli upite.

Kisha likaja agizo la giza. Kwa hofu ya ndege za vita, miji iliamriwa isionyeshe taa usiku. Katikati ya Copenhagen imo bustani ya starehe iitwayo Tivoli, iliyofunguliwa mwaka 1843, ambayo maisha yake ni ya usiku. Bila ya taa ingefungwa jua lilipokuchwa. Mwaka 1941 Henningsen, aliyekuwa amepewa usanifu wa bustani hiyo, alitengeneza taa ambayo nuru yake ilishuka chini njiani na kuenea miguuni mwa watembeao, lakini haikuweza kuonekana kutoka angani. Bustani ikaendelea kuwa wazi hata usiku wa manane. Hapo ilidhihirika kwamba elimu ya kuifunika taa haikuwa anasa ya matajiri. Katika siku za hatari iliwapa watu wa mji njia ya kukutana na kutembea pamoja gizani.

Mwaka 1943 hatari ilimfikia mwenyewe. Wajerumani walikusudia kuwakamata Wayahudi wa Denmark, na zaidi ya watu 7,000 wakavushwa bahari kwenda Uswidi kwa mashua za wavuvi na za watu wengine. Miongoni mwa waliovuka mlangobahari wa Øresund kwa mashua ya makasia walikuwamo msanifu Arne Jacobsen, aliyekuwa Myahudi, na Poul Henningsen pamoja na mkewe Inger. Henningsen hakuwa Myahudi, lakini maneno yake yalikuwa yamemfanya mtu wa kuwindwa. Walikaa Uswidi hata vita vilipokwisha mwaka 1945.

Mwaka 1958, akiwa na umri uliopita miaka 60, alitoa taa mbili zilizolifanya jina lake lijulikane duniani. Ya kwanza ilifanywa kwa ajili ya mkahawa wa Langelinie katika Copenhagen. Ina majani 72 ya shaba, yamepangwa katika safu 12, moja ikiifunika nyingine kama magamba ya topetope. Aitazamaye kutoka upande wo wote haoni globu. Aona majani tu yaliyopokea nuru na kuitoa tena. Ya pili ni PH 5, iliyoitwa hivyo kwa sababu upana wake ni sentimita 50. Hii ilikusudiwa meza ya chakula ya nyumba ya kawaida, na katika Denmark imetundikwa katika nyumba nyingi mno.

PH 5 ina funzo la pekee. Taa za kwanza za Henningsen zilitegemea globu ya kipimo fulani ikae hasa penye kitovu. Lakini wenye viwanda vya globu waliyabadili maumbo yake kila mara kwa manufaa yao, na hesabu zake zikaharibika. Alilalamika kwa miaka mingi bila ya kusikilizwa. Mwishowe alitengeneza taa ambayo globu ya namna yo yote ikitiwa ndani yake haitamwumiza mtu macho. Akapaka na rangi nyekundu na buluu katika sehemu za ndani ili kuirekebisha nuru ya globu na kuiongezea ulaini. Mtu mgomvi alikuwa amejifunza kwamba ulimwengu hautengenezi vitu kwa ajili ya hesabu za fundi mmoja, na kwamba ufundi ulio bora ni ule uwezao kupokea kitu kibaya na kukifanya chema.

Henningsen alifariki tarehe 31 Januari, 1967. Mtu mwenye haki hatalificha jambo moja linalopingana na maisha yake. Yeye aliyewaonya mafundi wasifanye kazi kwa ajili ya makabati ya matajiri ameacha taa ambazo leo ni ghali mno. Ile ya majani ya shaba huuzwa kwa fedha ambazo mkulima wa ufuta wa Lindi hazipati kwa mwaka mzima. Taa iliyokusudiwa kuisitiri nuru imekuwa yenyewe kitu cha kutazamwa. Walakini kosa hilo haliondoi ukweli wa fundisho, kwa maana fundisho halikuwa katika shaba. Lilikuwa katika swali lake la kwanza: nuru yaenda wapi?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika pwani ya Lindi na Kilwa. Gesi iligunduliwa Songo Songo, kisiwa cha Kilwa, mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 imekuwa ikizalisha umeme katika Dar es Salaam. Kwa miaka mingi nuru ya pwani hii iliangaza mji wa mbali wakati vijiji vingi vya pwani yenyewe vingali vikiwasha koroboi. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 iliweka msingi wa kuvipelekea vijiji umeme, na kila nguzo isimamapo ni haki iliyochelewa kufika. Lakini haki ikifika, lazima itumiwe kwa akili. Nyumba iliyongoja umeme miaka 50 yaweza kutundika globu moja kali uchi darini, ikamwumiza macho mtoto asomaye na kuwapausha wazee wake, na kuamini kuwa ndivyo umeme ulivyo.

Hapana haja ya shaba wala ya fundi wa Copenhagen ili kuliepuka jambo hilo. Kikapu cha ukindu kilichopinduliwa juu ya globu, kikiachiwa nafasi ya kutosha kisiunguzwe na joto lake, huzuia mwali usiingie machoni. Ukuta uliopakwa chokaa hurudisha nuru bure. Taa mbili ndogo, moja penye mkeka wa kusomea na nyingine jikoni, huwafaa watu kuliko taa moja kubwa isiyomjua mtu. Mambo haya mwashi wa Husuni Kubwa aliyajua kwa mazoea, na Henningsen aliyathibitisha kwa hesabu. Fundi wa Kitomanga aweza kuyatimiza kwa mikono yake, na jioni watu wa nyumba wakaketi kula, kila mmoja akiuona uso wa mwenziwe.